Mgongo wa Mfanyakazi na Haki ya Fidia

Katika vijiji vingi ambamo vijana hutoka kwenda kutafuta kazi mjini, bandarini au machimboni, huonekana watu waliorudi nyumbani kabla ya wakati wao. Hawana kidonda, wala mkono uliokatwa, wala jicho lililopofuka. Wanakula, wanazungumza, wanawasalimu wapitaji. Lakini jembe hawalishiki tena, na ndoo ya maji huachiwa mtoto. Wakiulizwa wana nini, hujibu kwa neno moja: mgongo.

Juu ya watu hao husemwa maneno ya namna mbili. Wengine husema: «Aliyeumia kazini na avumilie. Kudai fedha kwa ajili ya maumivu ni tamaa. Mtu wa imani humtolea Mungu mateso yake na kunyamaza.» Wengine husema: «Kompani ina mali nyingi. Aliyeumia kidogo aseme ameumia sana. Aliyeumia shambani mwake aseme ameumia kazini. Tajiri hatapungukiwa na kitu.» Maneno ya kwanza yana sura ya utakatifu, na maneno ya pili yana sura ya werevu. Yote mawili ni makosa. Tena mtu anayejitayarisha kwa Ubatizo hana budi kujua sababu yake, maana amri za Mungu hazikai kanisani tu. Humfuata mtu hata penye gunia na koleo.

1. Mgongo na namna unavyoumia

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake iko mifupa mingine iliyoungana pamoja. Kati ya pingili na pingili mna kitu kama kigodoro, chenye ukingo mgumu na kiini laini, kinachozuia mifupa isisagane. Karibu nacho hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni.

Mtu akiinama na kunyanyua mzigo ulio mbali na mwili wake, nguvu inayofika kiunoni huwa kubwa kuliko uzito wa mzigo wenyewe, mara nyingi zaidi. Ni kama mtoto mdogo aketiye kwenye ncha ya ubao mrefu: aweza kumwinua mtu mzima aliyeketi karibu na katikati. Kwa hiyo gunia la kilo 50 lililokumbatiwa karibu na kifua si sawa na gunia lile lile lililookotwa chini kwa kuinama na kujipinda, ingawa mizani huonyesha uzito mmoja.

Mgongo huumia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghafula: mguu unateleza, gunia linavuta upande, mtu anasikia kitu kama kisu kiunoni. Njia ya pili ni ya polepole: miaka mingi ya kubeba, kuinama, kuketi juu ya mitambo inayotetemeka, mpaka siku moja mtu anaokota kitu kidogo tu na hawezi kusimama tena. Njia ya kwanza ina siku na saa, na pengine ina mashahidi. Njia ya pili haina siku, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Jambo jingine lafaa kujulikana. Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe katika majuma machache, na aliyeumia hupona upesi zaidi akitembea na kujongea kwa kadiri awezavyo kuliko akilala kitandani mwezi mzima. Lakini wengine hawaponi: mshipa wa fahamu umebanwa, maumivu yanashuka mguuni, mguu unakufa ganzi au kulegea. Na mtu aliyeumia mgongo akiona hawezi kuzuia mkojo, au akipoteza hisi katikati ya mapaja, apelekwe hospitali siku ile ile, asingoje hata kesho, maana akichelewa aweza kubaki hivyo maisha yake yote.

2. Mshahara hununua nini?

Hili ndilo swali lililo chini ya maswali mengine yote. Bwana wa kazi humlipa mtu mshahara. Je, kwa mshahara huo amenunua nini?

Amenunua kazi ya siku ile. Hakununua mtu, wala hakununua mgongo wa mtu. Yafaa kutazama mfano wa mtumbwi. Mvuvi akiazima mtumbwi wa jirani yake, akampa samaki watano kila siku, hakuununua mtumbwi ule. Ukipasuka katika kazi yake, samaki wale walikuwa malipo ya kuutumia tu. Mtumbwi wenyewe haujalipwa bado. Na ikiwa ni hivyo kwa mti uliochongwa, si zaidi kwa mwili wa mtu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu?

Mtu aweza kupinga hivi: «Mfanyakazi alijua hatari. Hakuna aliyemlazimisha. Alikubali mwenyewe.» Ajibiwe kwamba alikubali kufanya kazi, hakukubali kuvunjika. Tena mtu mwenye watoto wenye njaa hukubali mambo mengi ambayo mtu aliyeshiba angeyakataa; kukubali kwa namna hiyo hakumwondolei deni aliyefaidika nako.

Mwingine aweza kupinga kwa nguvu zaidi: «Bwana wa kazi hakutenda kosa lolote. Gunia liliteleza lenyewe. Hana dhambi, basi kwa nini alipe?» Hapo pana mafundisho makubwa. Si kila deni limetokana na dhambi. Mbuzi wa mtu akikata kamba na kula mahindi ya jirani wakati mwenyewe yumo kanisani katika Misa, mwenye mbuzi hakutenda dhambi. Hana la kuungama. Hata hivyo mahindi atayalipa, na wazee wa kijiji wote watasema ni haki. Kwa sababu gani? Kwa sababu maziwa na watoto wa mbuzi yule ni faida yake, basi na hasara ya mbuzi yule ni yake. Ndivyo ilivyo kwa kazi. Anayechukua faida ya kazi hawezi kumwachia mwingine hatari yake yote.

Kwa hiyo mfanyakazi anayedai fidia hamwiti bwana wake mwovu. Anasema tu: kitu kimepotea katika kazi hii, nacho hakikuwa katika bei. Anayeelewa jambo hilo ataweza kudai pasipo chuki, na mwenye kudaiwa ataweza kulipa pasipo hasira.

3. Sheria za kale na sheria za leo

Haki hiyo si jambo jipya. Katika Kitabu cha Kutoka imeandikwa sheria juu ya mtu aliyempiga mwenzake hata akalala kitandani: amlipe siku za kazi alizopoteza, na agharimie matibabu yake mpaka apone kabisa. Sheria hiyo inatambua mambo mawili yanayotambuliwa na sheria za fidia hata leo, yaani gharama ya dawa na mshahara uliopotea. Katika sura hiyo hiyo imeandikwa juu ya aliyechimba shimo na kuliacha wazi: mnyama wa mwingine akitumbukia, mwenye shimo atalipa. Na Kumbukumbu la Torati laamuru kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke. Sheria ya kwanza hulipa madhara. Sheria ya mwisho huyazuia yasitokee.

Viwanda vilipoenea Ulaya, wafanyakazi wengi waliumia, na walioumia walitakiwa kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba bwana wa kazi alikosa. Maskini hakuwa na fedha za wakili, na wenzake waliogopa kushuhudia. Ndipo serikali zikabadili njia. Udachi ulitunga sheria ya bima ya ajali za kazi mwaka 1884, Uingereza mwaka 1897, Ufaransa mwaka 1898, na Ubelgiji mwaka 1903. Maana yake kwa ufupi ni hii: mfanyakazi aliyeumia kazini hahitaji tena kuthibitisha kosa la mtu, yatosha kuonyesha kwamba aliumia kwa sababu ya kazi. Naye kwa upande wake hapati kila kitu ambacho hakimu angeweza kumpa, bali kiasi kilichowekwa na sheria. Kila upande uliacha kitu ili aliyeumia asife njaa wakati kesi inangojwa.

Sheria hizo za mwanzo hazikuwafikia watu wa Kongo. Kabla ya reli ya Matadi kufunguliwa mwaka 1898, mizigo ya karibu kilo 30 ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi katika njia ndefu ya milima mpaka Stanley Pool. Wengi walidhoofika na wengine wakafa njiani. Migongo yao haikuwa na sheria ya kuikinga.

Sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunda katika Kongo Shirika la Taifa la Ulinzi wa Jamii, lililojulikana kwa herufi I.N.S.S. Sheria nyingine ya tarehe 15 Julai 2016 iliyatengeneza upya mambo hayo, na tangu mwaka 2018 shirika hilo linaitwa C.N.S.S., yaani Sanduku la Taifa la Ulinzi wa Jamii. Kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi, bwana wa kazi ndiye anayetoa fedha: franka moja na nusu kwa kila franka 100 za mshahara. Mfanyakazi hakatwi kitu kwa jambo hilo. Fedha anazokatwa ni za pensheni ya uzeeni. Anayeumia kazini ana haki ya kutibiwa. Ana haki ya posho kwa siku ambazo hawezi kufanya kazi. Na akibaki na ulemavu ana haki ya malipo kwa kadiri ya ulemavu wake. Akifa, mjane na yatima wana haki yao.

Nalo Kanisa limefundisha hivyo. Tangu Papa Leo XIII alipoandika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891, mpaka Papa Yohane Paulo II alipoandika juu ya kazi ya mtu mwaka 1981, mafundisho ni yale yale: mtu ni mkubwa kuliko kazi yake, na aliyeumia kazini asiachwe peke yake.

4. Je, kudai ni kukosa uvumilivu?

Uvumilivu ni fadhila kubwa. Lakini fadhila moja haiwezi kuwa adui wa fadhila nyingine. Uvumilivu huongoza moyo wa mtu katika maumivu yasiyoondoleka. Haki huongoza yale ambayo watu wanawiana. Mgonjwa aweza kuyapokea maumivu yake kwa saburi kila usiku, na asubuhi akaenda ofisini na karatasi zake. Hakuna upinzani kati ya mambo hayo mawili.

Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kugeuza shavu la pili. Hata hivyo mtumishi alipompiga kofi mbele ya kuhani mkuu, hakunyamaza, bali alimwuliza sababu ya kumpiga ikiwa alisema haki. Mtakatifu Paulo naye, mtu aliyezoea mapigo na vifungo, alitumia haki yake ya raia na kuomba hukumu ya Kaisari. Hakuna anayesema kwamba Paulo alikosa saburi.

Tena kuna jambo linalosahauliwa na wale wanaosifu kunyamaza. Mtu aweza kuisamehe haki iliyo yake peke yake. Lakini fedha ya fidia mara nyingi si ya mgonjwa peke yake: ni chakula cha watoto, ni malipo ya shule, ni chumvi na sabuni ya nyumba nzima. Baba anayesema «Ninawasamehe» na kuwaacha watoto walale njaa, amesamehe kwa mali isiyo yake. Kwake yeye kudai si tamaa. Ni wajibu wa baba.

Na anayenyamaza hujidhuru yeye na huwadhuru wenzake pia. Mgongo usioandikwa popote huhesabiwa kuwa haukuumia. Msimamizi hutazama daftari safi, asione sababu ya kupunguza mzigo wala kununua toroli, na mwaka ujao mwingine ataumia mahali pale pale.

5. Je, ni halali kuongeza kidogo?

Hapa wenye werevu wanakosea. Kuna mtu aliyeumia shambani mwake siku ya Jumapili, akavumilia usiku kucha, na Jumatatu asubuhi akajiangusha mbele ya wenzake akipiga kelele. Kuna mtu aliyepona baada ya majuma matatu, lakini hutembea na fimbo kila akipita mbele ya ofisi. Labda mtoto wake ni mgonjwa kweli, na mshahara ni mdogo kweli. Moyo wa kila mtu utamhurumia. Lakini huruma haigeuzi uongo kuwa kweli.

Kwanza, amevunja amri ya nane, kwa kuwa ameshuhudia uongo. Na amri ya saba, kwa kuwa amechukua kisicho chake. Hata kama tajiri hatasikia hasara, wizi hauondoki kwa sababu aliyeibiwa ana mali nyingi. Tena sanduku lile si la tajiri. Limewekwa kwa ajili ya walioumia, wajane na yatima.

Pili, na hili ni baya zaidi, amewaibia wenzake kitu kisichoweza kurudishwa upesi, yaani kuaminiwa. Maumivu ya mgongo hayaonekani kwa macho. Anayeumwa hana ushahidi mwingine mkubwa kuliko neno lake. Kila mwongo hushusha bei ya neno hilo. Baada ya waongo watatu, mtu wa nne aliyeumia kweli atafukuzwa mlangoni kama mbwa, na waliomfukuzisha hawatakuwapo kuona.

Lakini lipo shauri gumu zaidi, nalo linawasumbua watu waaminifu. Mtu amelima tangu utoto, amebeba kuni na mawe, na kiuno chake kilikuwa kinamwuma tangu zamani. Kisha kazini, gunia moja likamaliza yaliyobaki. Je, aseme ameumia kazini? Aseme kweli yote: kwamba kiuno kilikuwa na udhaifu, kwamba alikuwa akiweza kufanya kazi, na kwamba tangu siku ile hawezi. Asifiche udhaifu wa zamani, wala asione haya kutaja madhara mapya. Kazi iliyozidisha udhaifu imeleta madhara ya kweli. Madhara hayo ndiyo anayoweza kuyadai kwa dhamiri safi, kwa kipimo chake, pasipo kuongeza.

6. Namna ya kuhukumu lisiloonekana

Wengi hufikiri kwamba picha ya hospitali hukata maneno. Sivyo. Picha ya kawaida ya mionzi huonyesha mifupa. Vile vigodoro vya katikati na mishipa ya fahamu haionyeshi. Kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba mtu ni mwongo. Vipo vyombo vingine vyenye nguvu zaidi vinavyoonyesha vigodoro hivyo. Lakini waganga wamegundua kwamba watu wengi wasio na maumivu yoyote wana vigodoro vilivyochakaa au kutokeza, hasa wakishapita umri wa ujana. Kwa hiyo nayo picha yenye kasoro haithibitishi kwamba kasoro ile ilitoka kazini. Picha ni shahidi mmoja tu.

Mashahidi wengine ni watu. Hapo kila mmoja ana wajibu wake. Mganga ampime mgonjwa kwa uangalifu, amsikilize, aandike alichokiona, si kile ambacho kompani ingependa, wala kile ambacho mgonjwa angependa. Kapita aliyeambiwa habari ya ajali aiandike siku ile ile. Anayekataa kuandika kwa kuogopa mabwana zake amemnyima maskini ushahidi wake, na anayedai sehemu ya fidia ili aandike ni mwizi mara mbili. Mwenzake aliyekuwa ameshika upande wa pili wa gunia aseme alichokiona, hata kama anahofu kwa ajili ya kazi yake mwenyewe. Kunyamaza kwa shahidi, wakati kunyamaza huko kunamwangamiza mtu, si amani.

Na anayehukumu akumbuke jambo hili. Akimwamini mwongo, fedha imepotea. Akimkataa mkweli, chakula cha nyumba nzima kimepotea, na jina jema la mtu limepotea pamoja nacho. Hasara hizi mbili hazina uzito mmoja. Kuona mashaka si kuwa na ushahidi, na mtu asiitwe mwongo kwa sababu tu maumivu yake hayana damu.

7. Fidia si bei ya mgongo

Kama mshahara haununui mgongo, vivyo hivyo fidia hainunui mgongo. Bwana wa kazi asiseme moyoni mwake: «Nimekwisha kulipa bima, basi na wabebe.» Aliyelipia shimo lake kila ng'ombe anapotumbukia, lakini asilifunike kamwe, bado hajatimiza haki. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipatana kwamba mtu asilazimishwe kuchukua mzigo unaoweza kuharibu afya yake. Nalo likashauri kwamba mahali ambapo mtu mume mzima hubeba zaidi ya kilo 55, uzito huo ushushwe upesi mpaka kipimo hicho. Kipimo chenyewe si kidogo. Ni kikomo tu.

Dawa ya jambo hili mara nyingi ni rahisi kuliko fidia yake: mzigo ugawanywe mara mbili, watu wawili wanyanyue pamoja, meza iwekwe ili gunia lisianzie chini, toroli inunuliwe. Watu wa Goma walichonga chukudu ya mbao yenye magurudumu mawili, nayo hubeba katika safari moja magunia ambayo yangevunja viuno vya watu kadhaa. Iwapo mafundi wa mbao waliweza hivyo, kompani haikosi njia.

8. Wale wasioandikwa popote

Wako watu wengi ambao sheria haiwafikii. Mchukuzi wa sokoni anayeitwa kwa safari moja na kulipwa papo hapo. Kijana anayepandisha mifuko ya mawe kutoka shimoni kwa ajili ya mnunuzi wa madini. Mama wa Kivu anayepanda mlima na mzigo mgongoni, kamba imemkata paji la uso. Hawana daftari, hawana nambari, hawana ofisi ya kwenda.

Je, kwa kuwa hakuna karatasi, hakuna deni? Dhamiri haijibu hivyo. Mfanyabiashara aliyempa mchukuzi mzigo usiobebeka, akamwona akianguka, hawezi kuhesabu franka za safari moja na kwenda zake kana kwamba yameisha. Sheria haimfuati, lakini haki ilikuwapo kabla ya sheria kuandikwa. Na ampeleke kwa mganga, na amsaidie kula mpaka asimame. Wachukuzi wenyewe nao wanaweza kuweka sanduku lao, kila mtu franka chache kwa juma, ili anayeanguka leo ainuliwe na wale watakaoanguka kesho. Na mume amtazame mkewe ajapo na mzigo wa kuni: mgongo ule nao una pingili 24, wala hakuna ofisi itakayomlipa. Mumewe aweza kwenda kuupokea ule mzigo njiani.

Maswali na majibu

Je, mshahara hununua mwili wa mfanyakazi?
Hapana. Mshahara hununua kazi yake tu.

Je, yeye asiye na kosa aweza kuwa na deni?
Ndiyo. Anayepata faida ya kazi huchukua pia hasara yake, hata kama hakutenda dhambi.

Je, Mkristu aliyeumia kazini aweza kudai fidia?
Aweza, na akiwa na watu wanaomtegemea, mara nyingi imempasa.

Adai kwa namna gani?
Aseme kweli yote, pasipo kuficha, pasipo kuongeza, pasipo chuki.

Je, aliyechukua fidia kwa uongo afanye nini?
Atubu, na arudishe kwa kadiri awezavyo. Maana toba pasipo kurudisha mali ya watu haijatimia.

Je, aliyemnyima mwenzake fidia kwa kukataa kuandika au kushuhudia afanye nini?
Naye atubu, na aende aseme leo kile alichokataa kusema jana, maadamu mgonjwa bado yu hai na watoto wake bado wanangoja.